Bibi Arusi Ndani ya Gari la Viazi

Juzi asubuhi pikipiki ilisimama kando yangu karibu na soko, imebeba gunia la vitunguu, na tangi lake lilikuwa linavuja. Harufu ya petroli na harufu ya vitunguu zikanifikia kwa pamoja. Nilikuwa na haraka ya kufika kazini, nimevaa viatu vya heshima ambavyo havipatani kabisa na mawe ya mji wetu, lakini nikasimama. Kabla sijakumbuka lolote, masikio yangu yalikuwa yameshapata moto. Mwili uliona haya kwanza. Akili ilikuja nyuma yake polepole, ikiuliza ni haya ya nini.

Nitawaambia ni ya nini. Sijawahi kuisimulia habari hii nje ya nyumba yetu, na hata ndani ya nyumba yetu wengi wanaijua vibaya.

Sisi ni watu wa Majengo, hapa Goma. Babu alikuja kutoka Maniema akiuza vitambaa, akaoa, akabaki. Papa yangu, Salumu, aliuza viazi, maharagwe na vitunguu. Alipanda barabara ya Rutshuru na gari tupu, akarudi nalo limejaa hadi limekaa chini kama kuku anayeatamia. Katika hayo hapakuwa na jipya, nusu ya mtaa iliishi hivyo. Jipya lilikuwa gari lenyewe. Wenzake walinunua magari ambayo kila fundi aliyajua. Papa alipenda yale ambayo mafundi waliyazunguka, wakajikuna kichwa, kisha wakauliza injini iko upande gani.

Gari lake la kazi lilikuwa gari dogo la mizigo, kamionete la zamani mno, lililoachwa na masista waliokuwa wakilitumia kubebea mikate. Bati lake lote lilikuwa na mikunjo kama paa la nyumba. Pua yake ilikuwa fupi na pana, ikichungulia mbele, na taa mbili za mviringo zilikaa mbalimbali kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Milango ya mbele ilifunguka kinyume, hivyo mtu aliyezoea magari mengine alijipiga nayo gotini. Papa alilipaka rangi ya kijani iliyobaki baada ya jirani kupaka madirisha yake, na kwa kuwa haikutosha, upande wa kushoto ulibaki wa kijivu. Yeye aliliita Madame. Watoto wa mtaa, kwa sababu ya ile pua, waliliita Nguruwe, na ilikuwa raha yao kubwa kumwona Muislamu anayesali sala zote tano akishuka kutoka ndani ya nguruwe.

Mama alisema ameolewa uke wenza. "Mimi ninapika," alikuwa akiwaambia wageni, "mwenzangu kazi yake kunywa mafuta na kulala." Uani kulikuwa na kamionete lingine, dogo, lisilo na injini, ambamo kuku walitagia mayai kwenye kiti cha dereva. Papa alikataza wasifukuzwe, akidai kwamba gari bila abiria linahuzunika. Tukikutana njiani na gari la kizee la namna hiyo, alisimama katikati ya barabara. Dereva wa upande wa pili naye alisimama, wakashuka, na kila mmoja akaenda kulishika gari la mwenzake kabla hawajashikana mikono. Nyuma yao malori yalipiga honi na makondakta walitukana. Hawakusikia.

Nami nilimpenda Madame, nisiseme uongo. Chini ya miguu yangu kulikuwa na tundu katika sakafu, na niliweza kuitazama barabara ya Rutshuru ikikimbia chini yetu kama maji ya mto. Nililala juu ya magunia ya viazi yaliyokuwa bado na ubaridi wa shamba. Nilijua kwa sauti tu kama anapanda au anashuka, kama anafurahi au ana kiu. Nilidhani kila mtoto alitamani kuwa na papa kama wangu.

Halafu shangazi Aziza akachumbiwa.

Aziza alikuwa mdogo wa mwisho wa Papa, alilelewa kwetu, na mimi nililala naye kitanda kimoja. Mchumba wake, Idi, alikuwa kijana mpole wa Himbi, huko kando ya ziwa kwenye kuta ndefu na maua yanayoning'inia juu ya kuta. Baba yake, Muzee Shabani, alikuwa mfanyabiashara mkubwa, au hivyo ndivyo tulivyojua. Siku alipokuja kwetu kuzungumza habari za posa, alikaa kwenye kiti chetu kizuri, kofia yake nyeupe pe, akasema kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia:

"Binti yenu hatakanyaga vumbi. Nitamuletea jeep. Nyeupe ya bibi arusi, na zingine zitamufuata nyuma."

Bibi yetu, mama yake Papa, alizichukua hizo jeep na kuzitembeza mtaa mzima kabla hazijafika. Sokoni alizitaja, msikitini alizitaja, kwa mshona nguo alizitaja. Nami shuleni nilimwambia Clarisse, msichana aliyekuwa akikaa dawati moja nami na ambaye baba yake alikuwa na gari jipya, kwamba Jumamosi nitapita mjini ndani ya jeep nyeupe, nimekaa kando ya bibi arusi. Alisema atasimama barabarani anione.

Asubuhi ya arusi nyumba ilinuka udi na pilau. Nilivalishwa gauni la manjano lililonikwaruza shingoni. Ndoa ilifungwa msikitini, wanaume wakarudi, na wanawake wakajipanga mbele ya uzio wetu wa mbao, kila mmoja na kitenge chake cha sare, kusubiri msafara wa kumpeleka bibi arusi Himbi. Tulisubiri. Jua lilipanda. Watoto walipanda juu ya mawe kuangalia mbali.

Ikasikika sauti ya gari, na mimi, kabla ya wote, nilijua ni sauti gani.

Madame alizunguka kona ya nyumba akitokea uani. Alikuwa ameoshwa. Mikunjo ya bati ilikuwa imesuguliwa hadi inang'aa, pua ilifungwa utepe mwekundu, na nyuma, palipokuwa pa viazi, palitandikwa mkeka na mashuka ya Mama ya sikukuu. Papa alikuwa kwenye usukani, amevaa kanzu. Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vilikatika kimoja baada ya kingine.

"Jeep ziko wapi?" bibi yetu aliuliza.

Papa alishuka. Mlango ulifunguka kinyume, kama kawaida yake. "Zilikuja, nikazirudisha," alisema kwa sauti kubwa. "Dada yangu ataenda na Madame. Nilimuomba Muzee Shabani, na yeye kwa upole wake akanikubalia."

Ndugu yake mkubwa, papa mukubwa Saidi, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Salumu! Unakatala jeep? Unamuweka dada yako mu gari ya viazi?"

"Nimeiosha."

"Unatupatisha haya mbele ya watu!" Saidi aliunyoshea kidole ule utepe mwekundu. "Mutu anakuletea heshima mpaka kwako, weye unaifukuza juu ya hii... hii nguruwe!"

Papa alitabasamu kama mtu aliyesifiwa. "Ni tamaa yangu ya siku nyingi, yaya. Munisamehe." Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu aliyetutangulia. Saidi hakumsamehe. Mama aliingia ndani, nikasikia akilia chumbani. Muzee Shabani alikuwa amesimama nyuma kidogo, karibu na uzio, akiangalia chini. Na watu walimtazama kwa huruma, mzee wa watu, kudharauliwa hivyo na mtu wa Majengo.

Aziza alitoka. Nilikuwa na hakika atakataa, atalia, atarudi ndani. Alishika gauni lake, akapanda mbele, akanivuta mimi katikati. "Yaya," alimwambia Papa, "endesha tu."

Safari kutoka kwetu hadi Himbi si ndefu. Siku ile haikuwa na mwisho. Watoto walikimbia kandokando yetu wakiimba, "Bibi arusi ndani ya nguruwe! Bibi arusi ndani ya nguruwe!" Udi wa Aziza ulishindwa na vitunguu kabla hatujatoka mtaani. Kwenye mteremko mdogo chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, lililobeba makaa lilitupita, na kijana aliyelipanda, goti moja juu ya ule ubao, alituinulia mkono kwa adabu kama askari, jambo lililowafanya watu wa barabarani washikane kwa kicheko.

Tulipofika kwenye mzunguko, mahali ambapo mji mzima unapita, Madame alikohoa, akatetemeka, akazima.

Papa alishuka na kanzu yake, akafungua ile pua, moshi ukamfunika. Waendesha pikipiki walizima pikipiki zao ili waone vizuri. Wanawake waliokuwa wametufuata kwa miguu wakavua viatu vya arusi, wakafunga vitenge viunoni, wakaanza kusukuma. Mafuta meusi yalimrukia Papa kifuani. Alipoinama dirishani kumuuliza Aziza kama yu salama, tone likaanguka kwenye gauni jeupe, pale kwenye paja, na alipojaribu kulifuta, likawa kubwa kama kiganja.

Na kando ya barabara, na soksi zake nyeupe, alikuwa amesimama Clarisse.

Niliteleza chini. Nilikaa sakafuni kati ya miguu ya shangazi yangu, uso karibu na lile tundu, nikaangalia barabara isiyotembea. Nilisikia sauti yake ikiuliza, "Zaina? Zaina, ni weye?" Nilitamani tundu lile liwe kubwa zaidi. Mkono wa Aziza ulikuja ukanishika kichwani, haukunivuta juu, ukakaa tu. Ulikuwa unatetemeka, nami nikadhani analia kwa sababu ya gauni.

Tulifika Himbi tumechelewa, tunanuka, na nusu ya wanawake wako peku. Chakula kilikuwa kidogo kuliko tulivyotarajia, na wengine walikosa. Watu walisema kimepoa na kuisha kwa sababu ya kuchelewa, na kuchelewa ni kwa sababu ya Salumu. Jioni umeme ulipokatika katika ile nyumba kubwa, na haukurudi, hata hilo mtu mmoja alimtupia Salumu na nguruwe wake.

Tangu siku hiyo Papa akawa kichekesho cha ukoo. Saidi alikaa muda mrefu bila kumsemesha, na alipoanza tena ilikuwa ili asimulie ile hadithi kila palipo na watu na chai. Papa hakuitwa tena kusema kwa niaba ya familia kwenye posa za watu. Nani angempa neno mtu aliyefukuza jeep? Shuleni Clarisse hakunicheka, alifanya vibaya zaidi, alinihurumia. Nikamwomba Papa asinipitishe tena shuleni na gari. Alisema sawa. Nikaanza kutembea mbali naye hata tukiwa kwa miguu. Alisema sawa hata hapo, bila kusema.

Miaka ikapita. Madame alichoka kabisa, akaenda kukaa uani pamoja na kuku. Nilisoma, nikapata kazi, nikadhani nimesahau. Kisha binti wa kwanza wa Aziza naye akaolewa, na sote tukakutana kwao. Hawakuwa tena Himbi. Walikuwa wamehamia zamani kwenye nyumba ya kawaida, na sisi hatukuuliza sana.

Wanaume walikaa uani na chai. Papa alikuwa na mvi. Kando yake alikaa Muzee Shabani, amekuwa mdogo ndani ya kanzu yake, sikio moja halisikii. Na papa mukubwa Saidi, kama ilivyotakiwa kutokea, akaanza: "Nyinyi vijana, mulishasikia arusi ya mama yenu?" Akasimulia jeep, akasimulia nguruwe, akasimulia chukudu. Vijana walicheka hadi vikombe vikamwagika. Ile haya ya zamani ikanipanda shingoni kama gauni la manjano. Nikanyanyuka, nikaingia jikoni, nikamkuta Aziza anachambua mchele.

"Shangazi," nilisema, "kwa nini Papa anakubali? Anakaa pale anachekwa kama mutoto. Hana haya?"

Aziza aliweka ungo chini. Aliwatuma wasichana wakachote maji, ingawa maji yalikuwepo, akafunga mlango.

"Kaa," aliniambia. "Hakukuwa na jeep."

Sikuelewa.

"Hazikuja. Hazikukuwa, Zaina. Asubuhi ile, mbele ya ndoa kufungwa, Muzee Shabani alipita nyuma, kwa jirani, akaingia uani kwetu. Mimi nilikuwa nimekaa na hina mu mikono. Akakaa juu ya ndoo, na ile kanzu yake. Akamuambia yaya Salumu biashara yake ilishakufa, hata ile nyumba ilikuwa inamutoka, na rafiki zake wenye jeep walikuwa wamemukimbia. Hata muke wake hakujua. Alikuja kusema ndoa iachwe kwanza, ingojee. Afazali aonekane mutu mubaya kuliko aonekane hivyo. Halafu akalia. Ulishaona muzee wa vile analia? Mimi sikujua niangalie wapi."

"Na Papa?"

"Papa yako alifikiri kidogo tu. Akamuambia, 'Muzee, enda msikitini. Utasema jeep zilikuja na Salumu akazirudisha. Watu wote wanajua mimi niko mupumbavu wa gari za zamani, hakuna mutu atauliza mara mbili.' Akaniangalia mimi. Aliniuliza, unaona, hakuamua peke yake. Mimi nilikuwa naenda kuishi mu ile nyumba. Kama Saidi na watu wa Majengo wangejua, wangemucheka bwana yangu na baba yake mpaka leo, na mimi ndani yao. Nikasema, tuende na Madame."

"Na pale kwenye mzunguko ulikuwa unalia."

"Kidogo. Na kucheka kidogo. Ile chukudu, Zaina!" Akashika tena ungo. "Usiseme. Muzee angali hai."

Nilirudi uani. Saidi alikuwa amefika mahali gari linazima, lakini siku hizi anasahau, na alilipita tone la mafuta. Ndipo nikamsikia Papa, papa yangu mwenyewe, akimkatiza: "Yaya, hujasema nilivyomuharibia nguo! Nilifuta, ikazidi! Ilikuwa kubwa hivi!" Akafungua kiganja chake mbele ya vijana, nao wakaanguka kicheko upya. Muzee Shabani alicheka pia, akichelewa nyuma ya wengine kwa sababu ya sikio lake, au labda si kwa sababu hiyo. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya mkono wa kiti cha Papa. Nilikuwa nimewatazama wawili hao pamoja katika kila arusi na kila matanga tangu utoto wangu, na siku zote nilidhani Papa anajipendekeza kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimkosea.

Niliketi. Kwa mara ya kwanza haya iliyonipata ilikuwa ya kweli, na haikuhusu gari. Nilihesabu rohoni mwangu, si kwa namba, njia zote nilizotembea mbali naye.

Muzee Shabani amefariki sasa, na Aziza ameniruhusu kuandika. Anasema mumewe mwenyewe alitaka ijulikane. Papa peke yake hakuulizwa, kwa sababu ninajua atakachojibu. Nilishamuuliza. Ilikuwa siku ileile, tukirudi kwetu polepole kwa miguu, mimi na yeye bega kwa bega.

"Papa," nilisema, "kweli ulizirudisha zile jeep?"

Alinitazama upande, na nikaona anajua kwamba nimeambiwa. Aliruka jiwe moja, akanyoosha kanzu yake.

"Nilizirudisha," alisema. "Jeep zote zinafanana, mutoto wangu. Ziko nyeupe tu, hazina hata sura. Nani angekumbuka arusi ya dada yangu?"

Nilitaka kumwambia mambo mengi, lakini alionekana ameridhika na jibu lake, na nilikuwa nimeshamnyang'anya vya kutosha. Nikapitisha mkono wangu chini ya mkono wake. Watu waliokuwa wakitoka arusini walitupita wakamwita kwa kicheko, "Salumu wa Nguruwe!" naye akawainulia mkono, na mimi pia nikawainulia.